Siku 76 Bila Kiwanja: Corona Ilivyobadili Mazoezi ya Watu Wazima Kigoma

Kigoma haikufungiwa ndani mwaka 2020. Soko la Mwanga liliendelea kuuza, misikiti ya Ujiji iliendelea kuswalisha, na mitumbwi ya Kibirizi ilitoka jioni kwenda kuvua dagaa kama ilivyozoea. Rwanda na Uganda ziliwaamuru raia wabaki majumbani. Tanzania iliamua kazi ziendelee. Ndiyo maana ukizungumza na watu wa kata ya Katubuka kuhusu kipindi kile, watakutajia barakoa, ndoo za maji tiririka kwenye milango ya maduka, nyungu, na watoto waliokaa nyumbani bila shule. Ni nadra mtu kutaja mazoezi.

Lakini lilikuwapo katazo moja lililogusa miili yetu moja kwa moja. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alifunga shule na kusimamisha mikusanyiko ya michezo: Ligi Kuu, ligi za madaraja ya chini, na mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Muda wa kwanza ulikuwa siku 30, kisha ukaongezwa. Michezo iliruhusiwa tena Juni 1. Ukihesabu tangu siku ya katazo, ni siku 76.

Siku hizo zilitufunulia jambo ambalo hatujalifanyia kazi hadi leo. Mtu mzima hadumu katika mazoezi kwa nguvu ya nia yake peke yake. Hudumu kwa sababu wapo wenzake wanaomsubiri, na papo mahali pa kukutania. Ukiondoa wenzake na ukaondoa kiwanja, hata mwenye nia ya chuma hulegea. Katika mji kama wetu, ambako hakuna aliyefungiwa mlango, ukweli huo unaonekana wazi kuliko mahali ambako watu walizuiwa kutoka kabisa.

Jasho la kazi, jasho la hiari

Watu wa kwetu si wavivu wa mwili. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walichapisha ulinganisho wa nchi 168, wakitafuta ni watu wazima wangapi wasioushughulisha mwili vya kutosha. Duniani kote walikuwa asilimia 27.5. Kuwait walikuwa asilimia 67. Tanzania walikuwa asilimia 6.5 tu, na waliotutangulia kwa uchache walikuwa majirani na ndugu zetu: Uganda 5.5, Msumbiji 5.6 na Lesotho 6.3.

Sababu yake mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa na mtaalamu. Vipimo vile huhesabu kazi na mwendo wa miguu pamoja na michezo. Mchukuzi anayebeba magunia ya dagaa kutoka ufukweni Kibirizi hadi kwenye gari, mwanamke anayeinama kutwa akigeuza dagaa walioanikwa, mkulima anayelima mihogo na kukata mikungu ya michikichi, mvuvi anayevuta wavu usiku kucha: hao wametimiza kipimo cha wiki nzima kabla ya Jumanne kuisha. Kipimo chenyewe, kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa Novemba 2020, ni dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za kazi nzito, pamoja na siku mbili za kutia misuli nguvu.

Hata hivyo, asilimia 6.5 ni wastani wa nchi, na wastani huficha watu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta zaidi ya robo ya watu wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya 11 akiwa na kisukari. Mji una miili ya aina mbili. Kuna mwili unaobeba, na kuna mwili unaokaa: wa mwenye duka, karani, mwalimu, fundi cherehani, na wa kijana wa bodaboda anayezunguka mji mzima bila kupiga hatua mia. Kilima cha kutoka ziwani hadi Mwanga, ambacho zamani watu walikipanda kwa miguu, leo wengi hukipanda juu ya pikipiki.

Hatari ya kukaa ilijulikana mapema. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Walikuwa wa tabaka moja, wakifanya kazi kwenye gari moja kwa saa zilezile. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa wakikusanya nauli, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Ukikaa kijiweni Katubuka ukamtazama dereva wa bodaboda na mchukuzi anayempakia mzigo, unaona makundi yaleyale mawili.

Kwa wale wanaokaa, jasho lazima litafutwe kwa hiari. Kabla ya corona lilikuwa limeanza kutafutwa kwa bidii. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mitaani vikundi vya jogging vilikuwa vikitoka alfajiri kwa nyimbo za mchakamchaka na kushuka barabara ya Ujiji. Maveterani walikuwa na mechi zao za jioni. Vijana walinyanyua vyuma uani, vingine vikiwa makopo yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Mwanzoni mwa Machi 2020, wiki mbili kabla ya katazo, Kilimanjaro Marathon ilikimbiwa Moshi kama kila mwaka.

Walipotawanyika

Katazo la michezo halikusema mtu asitembee, wala asiruke kamba uani kwake. Kisheria, mtu wa Katubuka angeweza kuamka alfajiri ya Machi 18 akakimbia hadi Ujiji peke yake na kurudi. Wapo waliofanya hivyo, na wanastahili pongezi. Lakini jogging ya kikundi ilikuwa mkusanyiko, mechi ya maveterani ilikuwa mkusanyiko, na vyuma vinavyopokezana mikono kumi vilikuwa vya kuogopwa. Pumzi ya mtu anayehema karibu nawe, jambo ambalo jana lilikuwa la kutiana moyo, likawa la kukimbiwa. Aliyekohoa kiwanjani alitazamwa na kila jicho.

Tukijitazama kwa kujilinganisha na wengine, tunaona kwamba kudorora huko kulikuwa kwa dunia nzima, ila kwa viwango tofauti. Watafiti wa Marekani walikusanya hesabu za hatua kutoka kwenye simu za watu zaidi ya 455,000 katika nchi 187. Siku 10 baada ya WHO kutangaza janga la dunia, Machi 11, 2020, wastani wa hatua ulikuwa umeshuka kwa asilimia 5.5. Siku ya 30 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 27.3. Italia, iliyofunga milango mapema na kwa ukali, ilishuka hadi karibu nusu. Sweden, ambayo haikuwafungia watu, ilishuka kwa asilimia 7 hivi pale ilipozidi. Hizo ni hesabu za wenye simu za kisasa, na mchukuzi wa Kibirizi hamo. Lakini zinaonyesha kwamba amri ya serikali huingia hadi kwenye nyayo za mtu.

Jirani zetu walipitia hayo kwa namna zao. Uganda ilikataza mazoezi ya barabarani Aprili 2020, na Rais Yoweri Museveni akajirekodi video akiwa peku ndani ya nyumba, akikimbia huku na huku chumbani na kupiga pushapu 30, ili kuwaonyesha raia kwamba inawezekana. Burundi, iliyo pua na mdomo na Kigoma, ilikwenda njia nyingine kabisa: mwishoni mwa Machi, viwanja vikiwa vimenyamaza karibu dunia nzima, ligi yake ya soka ilikuwa miongoni mwa chache sana zilizokuwa bado zikichezwa.

Kenya ndiyo iliyotoa mfano ulio wazi kuliko yote. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikuwa binadamu wa kwanza kumaliza umbali wa marathoni chini ya saa mbili. Hakuwa peke yake barabarani: wakimbiaji 41 walipokezana kumsindikiza. Miezi mitano baadaye kambi za wanariadha zilifungwa, kuanzia Iten hadi kambi yake ya Kaptagat, mazoezi ya vikundi yakapigwa marufuku, na bingwa huyo akalazimika kukimbia peke yake. Ikiwa mtu mwenye nidhamu kama ile huwategemea wenzake kiasi hicho, mama wa Katubuka mwenye watoto watano waliofungiwa shule tutamdai nini?

Mama huyo anastahili kutajwa zaidi ya mara moja. Shule zilipofungwa, saa yake ya alfajiri ilikwisha. Ule muda mfupi kati ya watoto kuondoka na kazi za nyumbani kuanza, ambao baadhi ya wanawake walikuwa wakiutumia kutembea wawili wawili, uliliwa na chai ya pili, nguo zaidi na macho ya kuwachunga watoto. Mwanamume aliyepoteza mechi yake ya jioni alipoteza burudani na jasho. Mwanamke alipoteza pia nafasi pekee ya siku ambayo hakuna aliyemwita.

Mwili husahau upesi

Miezi miwili na nusu ni muda mfupi kwa mtu anayehesabu miaka. Kwa misuli na moyo ni muda mrefu. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano walilazwa kitandani siku 20 bila kuinuka. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Watafiti waliporudi kuwapima watu walewale miaka 30 baadaye, walikuta kwamba zile wiki tatu za kulala zilikuwa zimewashusha zaidi ya miaka 30 ya kuzeeka. Hakuna mtu wa Kigoma aliyelazwa kitandani kwa amri, lakini mwelekeo ni huohuo: mwili usiotumwa huacha kujiandaa kwa kazi.

Akili nayo husahau. Watafiti wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya ya kila siku, wakakuta kwamba zoea hukomaa kwa wastani wa siku 66, ingawa kwa wengine lilichukua siku 18 na kwa wengine ilikadiriwa kufika 254. Ziweke siku hizo 66 kando ya siku zetu 76. Muda uliotosha kujenga zoea la kukimbia ulitosha pia kujenga zoea la kukaa. Aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri alikuwa na muda wa kutosha kuzoea kuamka saa moja. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu ya kukaa ni kwamba haiumi mpaka ikishaota mizizi.

Waliorudi na wasiorudi

Juni 2020 michezo ilirudi, na Ligi Kuu ikaendelea kabla ya mwezi kufika katikati. Mwaka uliofuata Kigoma ilipata heshima yake: Julai 25, 2021, Uwanja wa Lake Tanganyika uliandaa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na Simba ikaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Mashabiki walitoka mikoa ya mbali. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ikapanda Ligi Kuu, na mji ukawa na timu ya kuishangilia kila msimu. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini kushangilia hakuteremshi shinikizo la damu, na wengi waliokuwa wakicheza kabla ya 2020 sasa hutazama tu.

Upande wa pili kulizuka wimbi la mbio za hisani. Agosti 2020, miezi miwili baada ya michezo kuruhusiwa, benki ya CRDB ilianzisha marathoni yake Dar es Salaam kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Nyingine zikafuata miji mbalimbali, na fulana ya marathoni ikawa vazi la Jumamosi. Serikali nayo, katika maelekezo yake ya kujikinga mwanzoni mwa 2021, iliyataja mazoezi pamoja na kunawa mikono na kula vizuri. Waliokuwa na vikundi imara walirudi wakiwa na ari kubwa kuliko mwanzo. Walikuwa wameona ndugu na majirani wenye kisukari na shinikizo la damu wakiugua vibaya zaidi, na hofu hiyo ikawaamsha.

Wasiorudi hawaonekani, kwa sababu asiyekuja kiwanjani hapigi kelele. Ni yule wa miaka 50 na kitu aliyenenepa miezi ile, akaona haya kurudi na kitambi mbele ya wenzake. Ni yule aliyeugua, akapona, akajaribu kukimbia kwa kasi yake ya zamani, akaishiwa pumzi na kuamua kwamba umri umefika. Kumbe alihitaji kuanza na mwendo wa polepole na kuongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ni yule mama ambaye mwenzake wa kutembea naye alihama. Kikundi kikivunjika, wenye nguvu hutafuta kingine, na wanyonge hubaki nyumbani.

Dunia nayo haijaamka. Takwimu za WHO zilizotolewa 2024 zinasema kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima, yaani watu bilioni 1.8 hivi, hawakuushughulisha mwili vya kutosha. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 26. Corona si sababu pekee, kwani magari, simu na kazi za kukaa zilianza kabla yake. Ila haikusaidia.

Ziwa lilipofungwa

Kwa wavuvi wetu, kufungwa kwa kweli kulikuja miaka minne baadaye. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Lengo lilikuwa jema, na ziwa lililochoka lilistahili kupumzika. Lakini mwanamume ambaye mwili wake ulijengwa na kasia na wavu tangu ujanani alijikuta hana cha kuvuta.

Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa ile asilimia 6.5 tunayojivunia. Mwili unaotegemea kazi peke yake uko salama kazi ikiwapo. Ikisimama, au mvuvi akiumia mgongo, au akizeeka, hana mchezo wa kuukimbilia. Corona iliwanyima michezo wanaokaa. Kufungwa kwa ziwa kuliwanyima kazi wanaobeba. Makundi hayo mawili yanahitaji kitu kimoja: mahali pa wazi karibu na nyumbani, na watu wa kukutana nao hapo.

Mahali penyewe panapungua. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda miaka ya karibuni yakameza sehemu za fukwe ambako watu walicheza mpira wa mchangani. Katubuka ina bwawa lake, ambalo miaka ya mvua nyingi limezingira nyumba na kuhamisha familia. Ardhi kavu iliyobaki inawaniwa na kila mtu, na kiwanja kisicho na hati wala uzio ndicho kinachojengwa kwanza.

Kikundi kigawanyike, kisivunjike

Ninaandika haya kwa sababu mlipuko mwingine utakuja, na Kigoma iko mpakani. Mpox iliyotikisa Kongo na Burundi mwaka 2024 ilithibitishwa Tanzania Machi 2025. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Marburg ilizuka Kagera. Siku ikifika tena ya kuzuia mikusanyiko, na pengine kuzuia kutakuwa sahihi, tusirudie kuwatawanya watu bila kuwaambia wafanye nini na miili yao.

Manispaa iorodheshe viwanja vyote vya kata, kuanzia vya Katubuka, ivipime na kuvipa hati kabla havijaliwa. Viwanja vya shule vifunguliwe kwa watu wazima alfajiri na Jumamosi, na zitengwe saa za wanawake, mahali penye faragha inayoheshimu mila na dini zetu. Vikundi vya jogging viweke kundi la wanaotembea nyuma ya wanaokimbia, ili mwenye kitambi, mwenye goti bovu na aliyetoka kuugua wapate nafasi bila kuaibishwa. Jumamosi ya pili ya mwezi ipelekwe mitaani pamoja na mashine ya kupimia shinikizo la damu, kwa sababu wengi hugundua ugonjwa siku wanapoanguka.

Na kila kikundi kiwe na mpango wa siku ya katazo. Wanachama wagawanywe wawili wawili kwa ujirani wao, mwenye afya na mnyonge, wazee na vijana, wakijua njia yao ya kutembea na saa yao. Wawili wanaotembea mbalimbali kidogo, nje, penye upepo wa ziwa, si mkusanyiko, na hawahitaji fedha wala mfadhili. Kila mmoja anakuwa na wa kumgongea dirisha alfajiri. Mwaka 2020 hicho ndicho tulichokosa: hakuna aliyepewa jukumu la kumgongea mwenzake. Kazi hiyo inaweza kugawanywa wiki hii, katika kikao kimoja cha mtaa, tukiwa wazima na kiwanja bado kikiwepo.